Kliniki ifuate bamvua: barua ya wazi kwa wanaosimamia afya Zanzibar

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Wakuu wa wilaya za Micheweni, Wete, Chake Chake na Mkoani. Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar. Na Ofisi ya Mufti.

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

Waheshimiwa, nakuandikieni kutoka kaskazini ya Pemba. Nilikuwa mkunga mpaka nilipostaafu. Kisukari ninacho mwenyewe, na siku hizi nalima mwani pamoja na wadogo zangu na majirani. Nimekaa kwenye meza ya kutolea dawa, na sasa nakaa kwenye benchi la kusubiria. Ombi langu ni moja: kisukari cha mwanamke kifuatwe pale alipo, katika saa zake za kazi, katika sinia lake na katika uzazi wake, tuache kumngojea aje siku ya kliniki. Mengine yote nitakayoyasema yanatoka hapo.

Nianze na bahari, kwa sababu huko ndiko wanawake wengi wa ukanda huu waliko. Kazi ya mwani hufanywa maji yakipwa, na maji hupwa hasa wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Kwenye visiwa vyetu maji ya bamvua hutoka asubuhi. Kufika saa nne yameshakwenda mbali, na mwanamke yumo ndani tangu saa mbili. Saa hizo hizo ndizo za kliniki ya sukari. Kliniki hupangwa kwa siku ya wiki, na bamvua ikiangukia siku hiyo mwanamke lazima aache kimoja. Akienda kliniki, mwani ulioiva unakatika kwenye kamba na kuchukuliwa na maji. Akienda baharini, dawa zinamwishia na hana pa kuzipata mpaka tarehe nyingine. Nimewaona wengi wakichagua bahari na siwezi kuwalaumu, kwa sababu fedha ya mwani ndiyo inayonunua madaftari ya skuli na mchele wa nyumba. Kisha kwenye kadi huandikwa kwamba hakuhudhuria, na akija mwezi wa pili hugombezwa mbele ya watu kama mtoto.

Jambo hili linaweza kutengenezwa bila ya fedha. Kliniki za sukari katika vituo vya afya vya pwani zipangwe kwa mwezi wa mbinguni. Siku za maji mafu, baada ya mwezi saba na baada ya mwezi ishirini na moja kwa hesabu yetu ya Kiislamu, bahari haina kazi kubwa na wanawake wako nyumbani. Kila sheha wa pwani anaijua hesabu hiyo. Muuguzi akikaa na mzee mmoja anayejua bahari, ratiba ya mwaka mzima inaandikwa kwa asubuhi moja.

Huko majini kuna hatari nyingine ambayo sijasikia ikizungumzwa kwenye semina. Mwanamke anayejidunga insulini, au anayemeza vidonge kama glibenklamaidi, akikaa saa nne au tano anafunga na kuvuta kamba bila ya kula, sukari yake inaweza kuteremka chini ya 3.9 (milimoli kwa lita ya damu, kipimo nitakachokitumia barua nzima). Dalili tunazofundishwa ni jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, macho kuingia kiza. Sasa mtu aliyelowa maji ya chumvi mpaka kifuani atalijuaje jasho lake? Kutetemeka atasema ni baridi ya maji. Na akianguka, anaangukia ndani ya maji.

Muuguzi anayeijua kazi ya mgonjwa wake atamwambia: siku ya bahari usitoke bila ya kula, dozi yako ya asubuhi tuizungumze mimi na wewe, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye chupa ndogo ya maji, uifunge kiunoni, na mwenzako mmoja ajue kuwa unayo na ni ya nini. Ukijisikia vibaya, inywe, toka majini, upumzike robo saa, na kama hali haijatulia unywe tena. Maneno haya hayamalizi dakika tano. Hayasemwi, kwa sababu kadi nilizoziona mimi zimemwandika mwanamke huyu "mama wa nyumbani", na mama wa nyumbani hakuna anayemuuliza kama anazamia.

Halafu miguu. Kisukari kikikaa mwilini muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu. Mwanzo nyayo huwaka moto usiku, kisha huja ganzi, kisha mtu hukanyaga kitu chenye ncha asikisikie. Sisi tunatembea juu ya matumbawe na vigingi, mara nyingi kwa soksi kuukuu au viatu vya plastiki vilivyopasuka. Jeraha dogo lisilouma, likiingia maji ya chumvi siku baada ya siku, hugeuka kidonda, na kidonda kisichopona ndicho kinachopeleka mguu kukatwa. Hisia za nyayo hupimwa kwa uzi wa nailoni unaopinda kwa uzito wa gramu 10. Mgonjwa hufumba macho, uzi ukagusishwa sehemu mbalimbali za unyayo, naye akasema wapi anausikia na wapi hausikii. Hakuna umeme, hakuna maabara. Naomba kila kituo cha pwani kiwe na uzi huo, na kila mwanamke mwenye kisukari avuliwe viatu aangaliwe miguu japo mara moja kwa mwaka, na mara nyingi zaidi ikiwa ganzi imeshaanza. Na wale wanaotuletea miradi ya kamba na vihori, naomba viatu vigumu vya kuingilia majini wavihesabu kuwa ni vifaa vya kazi.

Sasa nije kwenye uzazi, ambako ndiko nilikomalizia umri wangu wa kazi, na ambako naamini tunaweza kuokoa watu wengi kuliko mahali pengine popote.

Mimba yenyewe hupandisha sukari. Kondo la nyuma hutoa homoni zinazoifanya insulini ya mama isifanye kazi sawasawa, na wapo wanawake ambao mwili wao haumudu kutoa insulini ya ziada. Hicho ndicho kisukari cha mimba. Mara nyingi hakionyeshi kitu. Mama anakojoa sana, anasema ni ujauzito. Anachoka, anasema ni kazi. Mtoto hunenepa tumboni. Akizaliwa na kilo nne na zaidi watu husema mashaallah, na furaha yao ni haki yao, lakini mkunga ndiye anayejua mabega ya mtoto yule yalivyopita, mama alivyochanika, damu iliyomtoka, na sukari ya mtoto inavyoweza kuporomoka saa chache tu baada ya kukatwa kitovu.

Shirika la Afya Duniani liliweka viwango vyake mwaka 2013. Mjamzito hupimwa akiwa hajala, kisha hupewa kinywaji chenye gramu 75 za glukosi. Sukari ikifika 5.1 kabla ya kinywaji, au 10.0 baada ya saa moja, au 8.5 baada ya saa mbili, ana kisukari cha mimba, na ikizidi sana viwango hivyo basi ni kisukari kamili kilichogunduliwa ndani ya mimba. Wakati mzuri wa kipimo hiki ni kati ya wiki ya 24 na ya 28. Kupima mkojo peke yake hakutoshi. Wengi hupita humo bila ya kuonekana. Najua kwamba kipimo cha kinywaji kinakula muda na wapimaji wetu ni wachache. Basi na tuanze na wenye ishara: aliyewahi kuzaa mtoto mkubwa, aliyewahi kujifungua mtoto mfu na sababu haikujulikana, mwenye mama au dada mwenye kisukari, mwenye uzito mkubwa, na yule ambaye mimba iliyopita sukari ilimpanda. Ishara hizi mkunga anazipata kwa kuuliza tu. Halafu tusogee mpaka tumfikie kila mjamzito wa kisiwa hiki.

Na yule ambaye kisukari alikuwa nacho kabla ya mimba anahitaji kusaidiwa mapema zaidi. Viungo vya mtoto hutengenezwa katika wiki za mwanzo kabisa, wakati mama hajaja hata kuandikisha kliniki. Sukari ikiwa juu wiki zile, huongeza hatari ya mimba kuharibika na ya mtoto kuzaliwa na kasoro. Kwa hiyo anayempa dawa za kisukari mwanamke wa umri wa kuzaa amuulize kwa heshima kama anatarajia kushika mimba. Kama anatarajia, watengeneze sukari kwanza na waziangalie dawa zake za presha, kwani zimo zisizomfaa mjamzito. Kama hatarajii, apewe njia ya uzazi wa mpango siku hiyo hiyo, asiambiwe aende dirisha jengine siku nyengine.

Lakini pahala tunapompoteza zaidi mwanamke ni baada ya kujifungua. Sukari hurudi, anaambiwa imekwisha, na nyumba nzima inageukia mtoto. Ukweli ni kwamba aliyepata kisukari cha mimba yuko kwenye hatari mara kadhaa kuliko wenzake ya kupata kisukari cha kudumu miaka inayofuata. Anatakiwa apimwe tena kati ya wiki ya 6 na ya 12, na baada ya hapo aendelee kupimwa maisha yake yote, kila mwaka au kila baada ya miaka michache. Hapa kwetu mama huyo aende wapi? Kliniki ya sukari haimjui, kwa kuwa kwa sasa hana kisukari. Kliniki ya wajawazito imeshamalizana naye. Tunakuja kumwona tena miaka mingi baadaye, macho yameshaanza kuingia ukungu.

Na mama huyo huyo, waheshimiwa, wala hajaacha kuja kituoni. Anakuja na mtoto wiki ya 6, ya 10 na ya 14 kwa chanjo. Anakuja tena mtoto akifika miezi 9 kwa chanjo ya surua, na miezi 18 kwa mara ya pili. Naomba kadi ya mtoto iwekwe alama ndogo siku ile ile mama anapotoka wodi ya wazazi, kuonyesha kwamba mama huyu alikuwa na kisukari cha mimba. Muuguzi akimaliza kumchoma mtoto, ampime na mama. Aambiwe mapema aje asubuhi hajala, na ahudumiwe wa mwanzo ili asikae na njaa huku ananyonyesha. Wiki ya 6 au ya 10 iwe kipimo chake cha kwanza, na chanjo ya miezi 18 iwe kipimo chake cha baada ya mwaka. Hakuna jengo jipya linalotakiwa wala safari mpya. Na ahimizwe kunyonyesha, maana kunyonyesha kunampunguzia na yeye mwenyewe hatari ya kisukari cha baadaye. Jambo hili wanawake wengi hawajaambiwa kabisa, wanadhani faida yote ni ya mtoto.

Tunao pia wahudumu wa afya wa kujitolea wa mpango wa Jamii ni Afya. Hawa wameshazoeleka majumbani, wanaingia mpaka uani, na wanatumia simu zinazowakumbusha nyumba ya kwenda. Simu hizo zikiongezewa swali moja la sukari ya mimba na kumbusho moja la kipimo cha mama, mwanamke wa Kiuyu hatapotea kwa sababu tu hana mtu wa kumkumbusha.

Nije kwenye vipimo. Vidonge mara nyingi tunavipata. Stripu za kupimia sukari ndizo zinazotuangusha. Mwanamke anayejidunga mara mbili kwa siku akipima mara mbili tu, kopo la stripu 50 linamwishia siku ya 25. Asipoweza kununua jengine dukani, siku za mwisho wa mwezi anajidunga kwa kukisia, na kukisia insulini ni hatari. Kuna na tabu nyengine. Kila aina ya mashine inataka stripu zake. Wafadhili wanakuja na mashine za aina hii, mwaka mwengine za aina ile, stripu zilizokuja nazo zikimalizika hazipatikani tena kisiwani, na mashine inawekwa kabatini. Najua nyumba zenye mashine mbili na hakuna hata moja inayopima. Naomba Wizara ichague aina moja kwa Unguja na Pemba, inunue stripu kwa wingi na kwa bei ya jumla, na mfadhili anayetaka kusaidia aambiwe alete hizo au alete fedha. Kila tarehe 14 Novemba, siku aliyozaliwa Frederick Banting, mmoja wa waliogundua insulini mwaka 1921, dunia huadhimisha Siku ya Kisukari. Mwaka 2017 ujumbe wa siku hiyo ulikuwa juu ya wanawake na kisukari. Kupimwa bure siku moja ni jambo la kheri na tunashukuru, ila mgonjwa anaishi na sukari siku zote zilizobaki.

Katika kikundi chetu cha hisa mashine moja inazunguka kwa wanawake kadhaa. Tumekubaliana kwamba mashine ni ya wote na sindano ya kuchomea kidole ni ya mtu mwenyewe, kwa sababu damu ya mtu mmoja inaweza kumpitishia mwengine homa ya ini aina ya B. Tumepanga vizuri, lakini si mpango ambao mtu anafaa kuuishi miaka yote.

Kuhusu chakula nitasema kidogo kwa ukali. Ushauri tunaopewa umeandikwa kwa watu wengine. Mtu wa Micheweni anaambiwa ale mkate wa ngano nzima, matufaha na mafuta ya zeituni. Hata ule mfano mzuri wa sahani, nusu mboga, robo wanga, robo kitoweo, unatushinda kuufuata kwa sababu hatuli kwenye sahani. Sisi wanawake tunakula kwenye sinia moja, mama, mawifi, watoto na mgeni aliyepita. Wali umejaa katikati, mchuzi unamiminwa juu, na mboga ikiwapo ni kijibakuli cha pembeni. Kumwambia mwanamke ajipakulie peke yake ni kumwambia ajitenge na watu wake, na wengi wanaona bora waumwe kuliko kuonekana wanajitenga. Afisa lishe na aje na sinia, afundishie hapo: mboga iwekwe kwenye sinia lenyewe na iwe nyingi kama wali, kitoweo kigawiwe sawa, na mwenye sukari ajue mpaka wa sehemu yake. Faida itawafikia na wale wengine wasiokuwa na kisukari, nao wanaihitaji.

Na chakula cha kufundishia tunacho. Tunao mtoriro, kisamvu, mchicha na matembele. Tunazo choroko, kunde na mbaazi. Tunao dagaa na vibua, ambao ni chakula kizuri kuliko nyama nyingi za dukani. Muhogo, majimbi, ndizi mbichi na shelisheli si sumu, lakini ni wanga, na lazima mtu aambiwe kiasi gani. Wapo wanaodhani kwamba wakiacha wali wakala muhogo wa nazi sinia zima wamefanya vizuri. Juisi, hata ya embe la shambani kwetu, hupandisha sukari upesi kuliko embe lenyewe. Chai ndiyo jambo gumu zaidi, kwa sababu kikombe cha mgeni hutiwa sukari jikoni kabisa na kukirudisha ni kumvunjia mwenyeji heshima. Kwenye shughuli zetu wazee wameshatuachia kahawa chungu. Basi na chai nayo ipelekwe bila ya sukari, kopo la sukari liwe mezani, kila mtu atie mwenyewe. Hili masheha na wake za masheha wanaweza kulianzisha kwenye hitima na maulidi bila ya waraka wowote kutoka serikalini.

Ofisi ya Mufti, naja kwenu. Mwenyezi Mungu katika Surat Al-Baqara, aya ya 184 na 185, amempa mgonjwa na msafiri ruhusa ya kula na kulipa siku nyengine, na palipo na udhia usioondoka ipo fidya ya kumlisha maskini. Wanawake tunalijua jambo la kulipa kuliko wanaume, kwa sababu kila mwaka tunalipa siku za hedhi. Hata hivyo mwanamke mwenye sukari anaona haya kubwa kula mchana wa Ramadhani, na wapo wanaojidunga kwa siri, wanafunga kwa nguvu, na wanakaa jikoni tangu alasiri wakipika futari ya watu kumi hali wanatetemeka. Tunaomba mahubiri ya mwezi wa Shaabani yaseme waziwazi mambo ambayo wanazuoni wengi na madaktari wameshakubaliana: kuchoma kidole kupima sukari hakubatilishi saumu, sukari ikiteremka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.6 mtu afungue palepale, hata kama zimebaki dakika chache magharibi kuingia. Na mjamzito anayetumia insulini yuko kwenye kundi la hatari kubwa. Wizara nayo iweke kliniki maalumu ya saumu mwezi huo, kila mgonjwa aulizwe anakusudia nini, na dozi zake zipangwe kwa futari na daku. Wapo watakaoweza kufunga kwa salama, nao waonyeshwe vipi. Tukingoja Ramadhani iingie tunakuwa tumechelewa.

Yapo mambo ambayo mwanamke hayasemi kwenye chumba chenye watu watatu na mlango wazi. Sukari ikiwa juu, fangasi za sehemu za siri hurudi kila mara, na maradhi ya njia ya mkojo pia. Tendo la ndoa huuma, au hamu huondoka. Mume akafikiria mengine, mke akanyamaza. Nimeona nyumba zinavunjika kwa jambo lililokuwa na dawa. Tunaomba kila kliniki ya sukari iwe na muuguzi mwanamke, na chumba kinachofungwa. Na madaktari wakumbuke moyo wa mwanamke: kisukari humwongezea mwanamke hatari ya maradhi ya moyo kwa kiasi kikubwa zaidi kuliko kinavyomwongezea mwanamume, na dalili zake wakati mwengine ni uchovu na kukosa pumzi tu. Katika kituo kimoja, nisichopenda kukitaja, jirani yangu aliyekuja na uchovu wa namna hiyo aliambiwa apunguze mawazo. Hakupimwa hata presha.

Kuhusu insulini yenyewe. Chupa ambayo haijafunguliwa hutakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 mpaka 8. Tangu mwaka 2010 Pemba tunaletewa umeme kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga na tunashukuru, lakini nyumba yenye umeme si lazima iwe na friji, na friji ya jirani inafunguliwa mara mia kwa siku na watoto wanaouza barafu. Chupa iliyokwishafunguliwa hukaa kiasi cha wiki nne nje ya friji pasipo na joto kali. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti uliofuata joto la kambi ya wakimbizi ya Dagahaley nchini Kenya, na wakaona insulini iliyokaa kwenye joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki nne ilibaki na nguvu yake. Mtungi wa udongo, ukiwekwa kivulini na kulowanishwa, huteremsha joto zaidi ya hapo. Mitungi tunayo. Kinachotakiwa ni muuguzi amfundishe mgonjwa: chupa iingie kwenye mfuko mkavu usiopitisha maji, mtungi ukae penye upepo, tarehe ya kufungua iandikwe kwenye chupa, na insulini isigandishwe kamwe. Mwanamke akijua hivi hataacha tena insulini yake kwenye friji ya watu na kuona haya kuibishia hodi usiku.

Mazoezi nayapitia haraka, kwa kuwa mwanamke wa shamba na pwani mwili wake haukai. Wa mjini, Chake na Wete, ndio wenye tabu. Zanzibar ina utamaduni mzuri wa vikundi vya mazoezi na siku yao ya tarehe 1 Januari, lakini viwanja ni vya vijana wa kiume. Skuli zifungue viwanja vyao kwa wanawake baada ya alasiri, siku mbili tatu kwa wiki, na mlango uwe na mlinzi. Wataenda na mabuibui yao na watatembea.

Sasa fedha. Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2023 ulianza na watumishi wa umma. Utakapotufikia sisi wa mwani na wa vibanda, tunaomba stripu, sindano na kipimo cha HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mpaka mitatu, viandikwe kwa majina yao katika huduma zinazolipiwa. Visiingizwe kwenye neno "vifaa" halafu tukaja kuambiwa havimo. Hadi wakati huo, stripu za wajawazito, za wanaojidunga na za watoto wenye kisukari ziwe na kifungu chao katika bajeti ya Wizara inayosomwa Baraza la Wawakilishi. Rais wetu, Dk. Hussein Ali Mwinyi, ni daktari wa binadamu kwa taaluma. Hahitaji mimi nimweleze mgonjwa wa insulini asiyepima yuko kwenye hali gani.

Mwaka wa fedha huanza Julai. Tunaomba kabla ya bajeti kusomwa, ofisi inayoshughulikia maradhi yasiyoambukiza itujibu kwa maandishi kupitia kwa masheha wetu: lipi katika haya litaanza mwaka huu, nani atalisimamia upande wa Pemba, na lipi haliwezekani na kwa sababu gani. Jibu hilo tutalisoma kwa sauti kwenye kikundi, kwa sababu baadhi ya wenzetu hawajui kusoma na wanataka kulisikia wenyewe.

Wabillahi tawfiq.

Mkunga mstaafu na mkulima wa mwani,
Wilaya ya Micheweni, Pemba